Diski Mbili za Marehemu Kalinga

Nyie vijana mnaobonyeza "ndiyo" kabla hamjasoma swali, hebu kaeni hapa kidogo niwasimulie. Nimewaona. Kompyuta inauliza, kidole kimeshajibu, macho bado yako kwenye simu. Nimetengeneza kompyuta Iringa na Mbeya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zenyewe bila kusaidiwa na piko, na mashine nyingi nilizoletewa zikiwa zimekufa ziliuawa na neno hilo moja.

Wengi mnaniita Mama Atu, na Atu ni jina langu mwenyewe. Nimezaliwa Tukuyu, kazi nimejifunzia Iringa mjini, na sasa nimestaafu, niko hapa Soweto, Mbeya, nafuga kuku na kugombana na majirani kuhusu kuku hao hao. Watoto wa mtaa wananiletea simu zilizopasuka vioo. Nawaambia mimi si fundi simu. Hawaoni tofauti, na mimi nimechoka kuieleza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Harish, Mhindi mzaliwa wa Iringa. Upande mmoja wa duka lake aliuza madaftari na kalamu, upande wa pili alitengeneza mashine za kuchapa, na kompyuta zilipoanza kuingia akazitengeneza na hizo. Kihehe alikijua kuliko mimi, na kila nilipokosea kuwasalimia wazee wa pale alicheka mpaka miwani ikamtoka. Namkumbuka sana. Dukani kwake kulinuka risasi ya kulehemu na chai ya tangawizi, na mpaka leo nikisikia harufu ya tangawizi mkono wangu unatafuta bisibisi.

Alikuwa na desturi moja. Mteja akileta mashine, haigusi mpaka mteja aletewe chai. Mwanzoni nilidhani ni uvivu. Siku moja nikamuuliza, akasema, "Atu, mteja anakuja na hadithi mbili. Ya kwanza ni ya kujitetea. Ya pili anaitoa kikombe kikishaisha." Na kweli. Mtu atakwambia kompyuta imezima yenyewe, yeye hajui lolote, halafu akishasimama kuaga, mkono uko mlangoni, ndipo anasema, "Ila juzi mtoto aliimwagia uji."

Chai hiyo ndiyo iliyonisaidia kule Ubaruku. Kulikuwa na mwenye mashine ya kukoboa mpunga, na kompyuta yake ilikuwa inazimika kila msimu wa mavuno. Mafundi walikwenda, wakabadilisha hiki na kile, wakarudi mjini. Mimi nilikaa naye tukanywa chai. Tulipofika mwisho wa kikombe akasema kwa kujisifu kwamba yeye pumba hazimsumbui, maana ofisi ikijaa vumbi anaifunika kompyuta blanketi. Ikiwa inafanya kazi! Ameifunika gubigubi kama mgonjwa wa malaria, halafu anashangaa inapata joto. Nililivua blanketi, nikasafisha feni, kazi ikaisha. Alinipa mchele nikauona mzigo kuubeba.

Jambo la pili alilonifundisha Bwana Harish ni hili: "Nakala kwanza, maringo baadaye." Usiguse kitu cha mtu ambacho hakina nakala. Hata ukijiamini vipi.

La tatu nililigundua mwenyewe, na mafundi wanaume walinicheka kwa ajili yake miaka na miaka. Kabla sijachomoa waya wowote, naupaka tone la rangi ya kucha, na tundu lake nalipaka tone la rangi hiyo hiyo. Nyekundu kwa nyekundu, zambarau kwa zambarau. Walisema Mama Atu anazipeleka kompyuta saluni. Baadaye niliona chupa ya rangi ya kucha kwenye boksi la mmoja wao, mtu mzima ana ndevu, nikanyamaza kwa heshima.

Sasa nije kwenye diski za marehemu Kalinga, maana hizo ndizo nilizotaka kuwasimulia tangu mwanzo.

Mzee Kalinga alikuwa mpiga picha za video pale Mlandege, Iringa. Harusi, kipaimara, misiba, kwaya, vyote alivipiga yeye. Mke wake alifariki mapema akamwachia watoto wawili: Festo, ambaye alikuwa ameshaanza shule, na binti, Tumaini, ambaye alikuwa bado ananyonya. Akawalea mwenyewe, na wote wawili akawafundisha kamera. Festo alipokua akahamia Mbeya, hapa hapa Soweto, akafungua kibanda chake cha picha. Tumaini akabaki na baba.

Mzee alipofariki, familia ilimaliza msiba, kisha ukaitwa ukoo kugawa mali. Mgawaji alikuwa kaka yake marehemu, ambaye watoto wanamwita baba mkubwa, mzee mnyoofu kabisa, asiyeweza kumpunja mtu hata punje ya mahindi. Kamera zilikuwa mbili, kila mtoto akapewa moja. Taa zilikuwa mbili, vivyo hivyo. Ilipofika zamu ya kompyuta, ikawa moja. Baba mkubwa akauliza kazi za marehemu zimekaa wapi humo ndani. Fundi wa jirani akaifungua akaonyesha diski mbili zilizofanana kama mapacha. Mzee akafurahi. Akasema basi Mungu ameshagawa, kila mtoto achukue moja, na boksi la kompyuta libaki kwa Tumaini kwa sababu Festo anayo yake. Ukoo mzima ukaitikia. Hakuna aliyeona kosa, na mimi kama ningekuwepo bila kuijua kompyuta hiyo, ningeitikia pia.

Wakati huo nilikuwa bado nafanya kazi Iringa, na Tumaini alinijia asubuhi ya baridi ile ya Iringa ya mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Diski ameifunga ndani ya kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umenibebea nini, mtoto?"

"Diski ya baba. Nimeichomeka kwenye kompyuta tatu, haisomi. Nadhani kaka Festo alichagua nzima, akaniachia mbovu."

Nikamwagiza chai. Kikombe kilipoisha akaniambia kilichokuwa kinamsumbua hasa. Kulikuwa na mkanda wa zamani wa kwaya ya Pasaka, mama yake akiimba. Mzee aliuhamishia kwenye kompyuta, kisha mkanda wenyewe ukaota ukungu akautupa. Tumaini alikuwa na picha moja tu ya mama yake, ya mnato, ya kitambulisho. Hakuwahi kumwona akitembea. Hakuwahi kusikia sauti yake. Baba alikuwa akimwambia, "Siku moja tutakaa tuutazame," na siku hiyo ikawa inasogezwa mbele kwa sababu mzee mwenyewe kila akijaribu alikuwa hawezi kuutazama.

"Kama umo kwenye diski yangu na diski imekufa, basi mama," akasema, akawa anakunja kile kitenge na kukikunjua.

Nilimwambia diski yake haijafa. Niliwajua mafundi wa mji ule, na nilijua ni nani aliyemfungia mzee Kalinga ile kompyuta. Mzee alikuwa akilalamika kwamba video zinakwama anapozihariri, basi fundi akamuunganishia diski mbili zifanye kazi kama moja ili ziwe na mbio. Sisi mafundi tunaita reidi sifuri. Kompyuta ikiandika video, kipande cha kwanza inakiweka kwenye diski hii, cha pili kwenye ile, cha tatu inarudi kwenye hii, hivyo hivyo kwa zamu mpaka mwisho. Mbio zinapatikana kweli. Ila kila video inakuwa imelala nusu huku, nusu kule. Diski moja peke yake haina hata wimbo mmoja uliokamilika.

Kwa hiyo Festo hakuchukua nzima. Wote wawili walikuwa wamebeba vipande.

Nilimpigia Festo nikamweleza, nikamwomba alete diski yake Iringa. Akasema, "Mama, naomba nisikukosee heshima. Lakini Tumaini ndiye amekutuma. Ikifika huko hairudi. Yangu nayo haisomi, nadhani alishazichezea kabla ya kikao."

"Mmoja anasema umemwachia mbovu, mwingine anasema amechezewa," nikamwambia. "Ninyi watoto wa Kalinga mna akili gani?"

"Mama, mgawanyo ulishapita. Kila mtu na chake."

Akakata simu. Nilikasirika, nawaambia kweli. Nikaenda Mlandege mwenyewe kwa baba mkubwa. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Kamwene, baba," nikamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene. Karibu, mama."

Kumweleza mzee yule habari ya vipande vya zamu ilikuwa kazi. Nilianza na mfano huu nikashindwa, nikaanza na ule nikashindwa. Mwisho nikakumbuka kwamba aliwahi kuimba besi kanisani kwao. Nikasema, "Baba, chukua wimbo. Neno la kwanza waambie soprano waimbe, la pili waambie besi, la tatu soprano, la nne besi. Halafu soprano uwapeleke Mbeya, besi wabaki Iringa. Kila upande ukiimba peke yake, utasikia nini?"

Mzee akaacha mahindi. Midomo yake ikajaribu wimbo fulani kimya kimya, akiruka neno moja moja. Kisha akashika kichwa.

"Nimewapasulia baba yao," akasema.

"Hujampasua, baba. Diski zote mbili zipo. Mpigie Festo."

Akampigia palepale mbele yangu. Kihehe chao sikukipata chote, ila nilisikia jina la marehemu likitajwa mara nyingi, na mwishoni mzee akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Niliyegawa ni mimi. Aliyekosea ni mimi. Lete."

Wakati namsubiri Festo niwaambie kidogo habari za zamani. Nilipoanza, kazi ya mtu ilikaa kwenye vidiski vyembamba vya plastiki, na akina mama wa ofisini walikuwa wanavibana ukutani kwa sumaku ili visipotee. Sumaku! Kesho yake wanalia. Ninyi leo vitu vyenu mnaviweka mtandaoni, hamjui vimelala nchi gani, na mkisahau neno la siri mnakuja kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyelificha. Sisemi zamani kulikuwa bora. Nasema zamani tulikuwa tunaogopa zaidi, na woga ule ulitufundisha kunakili. Naukosa woga ule kama ninavyolikosa duka la Bwana Harish.

Festo alikuja. Alishuka kwenye basi la Mbeya, diski ameivaa kifuani ndani ya koti kama mama aliyebeba kichanga. Yeye na dada yake walisalimiana kwa mbali. Nikawapa chai wote wawili pamoja na baba mkubwa, tukanywa. Festo akamaliza kikombe, akasimama, akasema anatoka nje kupunga upepo. Akafika mlangoni, akashika kitasa. Mimi nikasubiri.

"Mama," akasema, "kuna kitu. Nilipoichomeka kule Mbeya, kompyuta iliniuliza swali la Kiingereza. Nikabonyeza ndiyo."

Tumaini akaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Halafu?" nikauliza.

"Ikaniuliza lingine, kama nataka kuifomati, iwe tupu. Hapo nikashtuka nikachomoa."

Swali la kwanza ni la kompyuta kutaka kuiandikisha diski kama diski mpya. Ikiandikisha, inaandika kitu kidogo sana pale mwanzoni kabisa. Kama Festo alikuwa na diski ya kwanza kati ya zile mbili, kitu hicho kidogo kimekaa juu ya ramani inayoonyesha kila video iko wapi. Kama alikuwa na ya pili, kimeangukia kwenye nafasi tupu ambayo haitumiki. Kwa kuziangalia tu sikuweza kujua ipi ni ipi, kwa sababu fundi aliyezichomoa hakuweka alama yoyote. Mnaona sasa rangi yangu ya kucha.

Sikuunganisha chochote siku hiyo. Nilichukua diski zangu kubwa za akiba, nikanakili kila moja ya zile mbili kama ilivyo, kipande kwa kipande, bila kuuliza ndani kuna nini, na kompyuta ikiwa imeambiwa isome tu, isiandike. Kazi hiyo ni ya polepole na ya kuchosha. Tumaini aliuliza mara ngapi kama imekwisha, sikumbuki. Festo alikaa upande wa pili wa benchi. Festo alipoona dada yake anatetemeka kwa baridi, alivua koti akalitupa pale katikati ya benchi kana kwamba yeye amesikia joto. Baada ya muda nilipogeuka, Tumaini alikuwa amelivaa.

Nakala zilipokamilika ndipo nikaifungua kompyuta ya marehemu, ile ile, kwa sababu bodi yake, yaani ubao mkuu wa ndani, ndiyo iliyoziunganisha na ndiyo inayozijua. Nikapaka rangi yangu, nikachomeka zote mbili, nikawasha. Baba mkubwa alikuwa amevua kofia. Kioo kikabaki cheusi. Nawaambia kilikaa cheusi muda ambao ulinizeesha. Kisha maandishi yakapanda, diski mbili zikatajwa, na pembeni yake neno la kijani la kusema kwamba jozi ni nzima. Ya Festo iliandikwa ya pili.

Nikakaa chini. Ramani ilikuwa salama.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi mnapoharibu. Mafaili yalionekana yote, na Festo akasema, "Basi mama, zitenganishe sasa hivi." Hakuna kitufe cha kuzitenganisha kazi zikiwa ndani. Wanaowaambia kipo wanawadanganya. Ukivunja jozi, kilichomo kinakwenda. Lazima kazi zote zitoke kwanza, zikae mahali pengine, uzikague, ndipo uvunje, ndipo uzirudishe. Na kukagua si kuhesabu mafaili. Fungua. Tazama harusi ya mwanzo, kipaimara cha katikati, msiba wa mwisho, tena usitazame mwanzo wa video tu, sogea mpaka watu wanapokula. Niliwakalisha wale ndugu wawili mbele ya kioo wakague wao wenyewe, kwa sababu wao ndio wanaozijua kazi za baba yao.

Wakaanza wamenuna. Baadaye nikasikia, "Huyu si ndiye bibi harusi aliyedondoka?" na mwingine, "Baba alikataa kuifuta video hii!" Nikaenda kuchemsha chai nyingine ambayo hakuna aliyeihitaji.

Waliporidhika, niliingia kwenye kurasa za mipangilio ya bodi nikaivunja jozi. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nililisoma swali lote, kwa sauti, nikawatafsiria, kisha nikamwambia Festo, "Hili ndilo la kubonyeza ndiyo." Akacheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi.

Diski zikawa mbili kweli, kila moja na maisha yake. Na kwa kuwa kazi zote za mzee hazikuwa zimefika hata nusu ya nafasi, nilizirudisha zote kwenye hii, na zote kwenye ile. Nikampa kila mtoto yake, nimeiandika jina.

Baba mkubwa akaangalia moja, akaangalia nyingine. "Kwa hiyo Festo kapata zote?"

"Zote, baba."

"Na Tumaini?"

"Zote."

Akatikisa kichwa. "Kwa ng'ombe hesabu hiyo haiwezekani."

Tumaini alikuwa ameshaikuta video ya Pasaka lakini hakuifungua. Aliniuliza kama naweza kuwabonyezea mimi. Nikabonyeza.

Picha ilikuwa ya zamani, imechakaa, rangi imefifia. Kwaya imesimama nje ya kanisa kwenye jua. Wa pili kutoka kushoto, mwanamke mwembamba mwenye kilemba cheupe, amebeba mtoto mgongoni kwa kanga, anaimba huku anayumba kidogo kumbembeleza. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea. Mtoto akaanza kulia, yeye akaendelea kuimba, akapeleka mkono nyuma akampigapiga.

"Huyo mgongoni ni nani?" Tumaini akauliza.

"Si ni wewe," Festo akasema. "Ulilia ibada nzima. Nilikuwepo."

"Mbona wewe huonekani?"

Kabla hajajibu, picha ikatikisika, na karibu kabisa na kipaza sauti ikasikika sauti ya mzee Kalinga akiwa kijana: "Festo, shika hiyo stendi, usiiachie." Na sauti nyembamba ya mtoto wa kiume ikajibu kutoka chini: "Nimeshika, baba."

Picha ikatulia. Mama akaendelea kuimba. Wote wanne walikuwa humo.

Festo, mtu mzima yule, aliweka uso kwenye viganja akalia, na dada yake aliyevaa koti lake akamshika bega. Mimi nililia pia na sioni haya kuwaambia. Nilijua sasa kipande gani kingekuwa Mbeya na kipande gani Iringa kama Festo asingeileta ile diski: neno la mama huku, neno la baba kule, na hakuna ambaye angesikia hata moja.

Siku hizi nikitoka kununua pumba za kuku napita mbele ya kibanda cha Festo. Asubuhi kabla wateja hawajaja huwa ameuweka ule wimbo. Naye Tumaini kule Mlandege huwa anauweka, kaniambia mwenyewe. Mimi husimama kidogo njiani, nasubiri pale picha inapotikisika, mpaka nisikie yule mtoto amejibu, ndipo naendelea na safari yangu.